Gauni la Jumamosi

8 Februari

Dada yangu mpenzi,

Gauni limefika jana na basi la mchana, halina hata kunyanzi moja, na limenikaa sawasawa. Yule bwana wa ofisi ya vifurushi aliniuliza kama ni la harusi. Nikamwambia ni la kazi, akanitazama kama mtu anayetaniwa. Lakini ni kweli, ni la kazi, na kazi yenyewe nitakueleza sasa.

Unamkumbuka nesi wangu wa kliniki ya sukari, yule mwembamba anayeongea kana kwamba anawahi basi? Siku niliyofikisha uzito niliotakiwa alinipa mkono wa hongera, na kabla hajauachia akasema kupungua ilikuwa sehemu rahisi. Nilitaka kumzaba kofi. Mwaka mzima wa mayai na matango, mwaka mzima naoka keki za watu nimejifunga kitambaa mdomoni, halafu naambiwa ilikuwa rahisi! Ila alinieleza vizuri. Mwili uliopungua hausahau ulikotoka. Unataka kurudi, na unarudi kimyakimya, kidogo kidogo, mpaka siku moja unajikuta uko palepale na sukari nayo imepanda. Akasema nichague nguo moja isiyovutika, niivae kila Jumamosi asubuhi kabla ya chai. Ikinikaa, niendelee na maisha yangu. Ikinibana, nisilie wala nisijinyime chakula, nimfuate mapema.

Mizani ya nyumbani ameipiga marufuku, maana nilikuwa naipanda kila nikipita karibu nayo. Mume wangu ameihamishia kinyozini kwake. Wateja wanajipima kabla ya kunyolewa na baada ya kunyolewa, wanabishana nywele zina uzito gani. Juzi jamaa mmoja mzito akairukia kwa mzaha, ikaharibika, na sasa kila anayeipanda anaambiwa amepungua. Mume wangu hataki kuitengeneza. Anasema hajawahi kuona wateja wakiondoka na furaha kiasi hicho.

Kwa hiyo mizani yangu mimi ni hili gauni lako. Ndiyo maana nilikuomba kitambaa kigumu. Wewe ulikuwa unamwogesha mama, hunihitaji nikukumbushe alivyomalizia siku zake kwenye kile kiti, blanketi limelala bapa pale mguu ulipokuwa. Sitaki wanangu pacha wanione hivyo. Hilo tu ndilo ninaloliogopa, mengine yote ni urembo.

Niandikie. Najua sikio lako haliwezi simu, na meseji zako binti yako anazisoma kwa sauti mbele ya wateja. Sina haja ya fundi viatu jirani yako kujua kiuno changu. Na ombi moja la mwisho: usiniite tena Kibonge. Jina hilo nimelivua.

Mdogo wako


15 Februari

Kibonge

Mdogo wangu,

Hilo la juu nimelikata, usilisome. Nimekuita hivyo tangu ulipokuwa unajifunza kukaa na kuangukia pua kwa sababu ya mashavu, mkono umezoea. Nitajitahidi.

Nimefurahi gauni limekukaa. Nililishona nikiwa na vipimo vyako vipya mkononi, na nikavirudia mara mbili nikidhani umeandika vya mmoja wa pacha. Binti yangu akaniuliza, "Mama, hili la nani, mbona dogo?" Nikamwambia la mama yako mdogo, akakaa chini. Hongera, mdogo wangu. Nasema hongera na machozi yananilenga, na mteja yuko mbele yangu anadhani nalilia suruali yake.

Ila kuna jambo moja sikukutii. Uliniambia nikate kitambaa chote cha ziada ndani ya mshono ili usiwe na njia ya kurudi. Sikukata. Nimeacha vidole vitatu kila upande, kama ninavyoacha kwenye kila nguo. Kitambaa kikishakatwa kimekatwa, na mimi sijawahi kushona nguo isiyo na akiba, hata sare za shule za watoto wa watu wasiolipa. Usinikasirikie. Kipo ndani, hakionekani, hakimsumbui mtu.

Kula vizuri. Nenda kliniki tarehe zako. Msalimie kinyozi, mwambie mizani yake nitakuja kuipanda.

Dada yako fundi


20 Aprili

Dada,

Samahani kwa kimya, kazi zimenizidi. Tanuri la pili limekufa na msimamizi anataka mikate ileile kwa tanuri moja. Sisi hatujambo. Kila kitu kiko sawa, sawa kabisa.

Nakuletea gauni, zipu imepasuka. Hawa wanaotengeneza zipu siku hizi ni wezi watupu, meno yanaachana kwa kuguswa tu. Naomba uniwekee madhubuti, ile ya chuma. Usihangaike na kitu kingine, ni zipu tu.

Kliniki mwezi huu sijafika, nimekwambia tanuri limekufa. Nitaenda.

Mdogo wako


20 Aprili

Shemeji,

Naandika haraka, mke wangu ametoka kununua bahasha. Karatasi hii nimeichomeka kwenye mkono wa gauni, likung'ute kabla hujalitia kwenye cherehani.

Zipu si mbovu. Mimi ndiye niliyeivuta. Ni Jumamosi kadhaa sasa tunapigana nayo, yeye ameshika kitanda na kuvuta tumbo ndani, mimi nyuma nimekaza meno. Mwanzoni tulikuwa tunacheka. Jumamosi iliyopita ikaachia yote, na mke wangu akaachia kilio. Alikaa sakafuni, gauni limefunguka mgongo mzima, akasema, "Mguu wangu huo unaondoka." Pacha wakasikia, wakaja kuuliza mguu gani unaondoka na unaenda wapi.

Tangu hapo hali nasi mezani. Anatupakulia, anakaa pembeni na kikombe cha maji ya moto. Nikadhani amefunga kweli. Kumbe kazini kwao kuna ile trei ya keki zilizovunjika, wanayoachiwa wafanyakazi. Mwenzake mmoja wa tanuri nilikuwa namnyoa juzi, akaniambia siku hizi mke wangu anaimaliza amesimama, amegeukia ukuta, kisha anaiosha. Shemeji, niliposikia amegeukia ukuta nilisimamisha mashine. Mteja akaondoka na upande mmoja mfupi kuliko mwingine.

Kliniki haendi. Anasema hana uso wa kumwonyesha nesi. Wewe ndiye unayejua kuongea naye, mimi nikifungua mdomo naharibu. Jana nilimwambia mbona yuko sawa hivyohivyo. Akaniuliza, "Hivyohivyo vipi?" Nikaenda kufungua duka siku ya mapumziko.

Shemeji yako kinyozi


27 Aprili

Shemeji yangu,

Barua hii imo kwenye mfuko wa shati. Shati ni lako, nimelishona ili nipate pa kuifichia, na ukipenda kulivaa livae.

Hukuwa na haja ya kuniambia habari ya zipu. Nilipoligeuza gauni ndani nje niliona yote. Kiunoni kitambaa kimevutwa mpaka matundu ya sindano yamepanuka, na kwapani uzi umeanza kukatika. Nguo haijui kuficha. Nimelishika pale mezani nikaona kama namshikilia yeye mwenyewe, amevuta tumbo na kukaza macho.

Sasa sikiliza nilichofanya, na ole wako useme. Nimelipanua. Vidole viwili kila upande, zipu mpya juu yake, nimepiga pasi mpaka alama ya mshono wa zamani haionekani kwa nje. Jumamosi akilivaa litapanda bila kelele. Hiyo ndiyo kazi yangu, shemeji. Mteja ananiletea sketi anasema imesinyaa kwa kufuliwa. Mimi namwambia ni kweli, vitambaa vya siku hizi vinasinyaa mno, naipanua, anaondoka ameridhika. Sijawahi hata siku moja kumwambia mtu amenenepa. Ningekuwa nimeshafunga duka.

Ninachotaka ni apumzike kidogo. Mtu aliyegeukia ukuta anakula kwa hofu, na hofu haishibi. Akiona gauni limekubali, atarudi mezani kwenu, kisha taratibu tutamrudisha kliniki. Wewe nyamaza tu. Najua vinyozi kunyamaza ni ugonjwa, lakini jikaze.

Shemeji yako


27 Aprili

Mdogo wangu,

Zipu hiyo hapo, ya chuma. Kweli ile ya kwanza ilikuwa mbovu, nilikosea kuinunua. Kingine sijagusa.

Vaa, kisha uniambie.

Dada yako fundi


12 Mei

Dada, dada, dada!

Limepanda! Jumamosi nililivaa peke yangu, nimefunga mlango ili mtu asinione nikiaibika, nikavuta ile zipu yako ya chuma na ikapanda mpaka juu kwa mkono mmoja. Mkono mmoja! Nikaishusha nikaipandisha tena nisiamini. Nikatoka sebuleni nikajizungusha, pacha wakapiga makofi, baba yao akasema, "Ee, ee," akainamia chai yake. Hajui kunisifu huyu mtu, lakini najua alifurahi.

Sasa nikwambie ukweli, maana umeshapita. Ile zipu nilikuwa nakusingizia. Nilidhani nimerudi kule. Nililia, dada, nilikuwa silali. Kazini nikawa nafanya mambo ambayo siwezi kuyaandika. Kumbe masikini ilikuwa zipu kweli! Mawazo yote yale kwa sababu ya meno ya bati.

Siku hiyo nilikaa mezani nikala na wanangu. Maharage, mboga, kipande kimoja cha mkate niliouoka mwenyewe, nikaweka sahani chini, nikaona nimeshiba. Sikumbuki mara ya mwisho kushiba na kuwa na amani kwa wakati mmoja. Trei ya kazini naipita kama sijuani nayo.

Mungu akulinde wewe na zipu zako.

Mdogo wako mwenye furaha


20 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Nimefurahi umekaa mezani. Endelea hivyohivyo.

Lakini kliniki uende. Gauni ni gauni. Halijui sukari, halijui damu. Nenda mwezi huu huu, tafadhali, unipe na mimi amani.

Dada yako


2 Juni

Dada,

Na wewe siku hizi umekuwa mwoga! Kliniki ya nini tena? Kipimo changu ni gauni, nesi mwenyewe ndiye aliyesema: likinikaa niendelee na maisha. Kila Jumamosi linapanda palepale, sipungui, siongezeki. Nafasi yangu ya mwezi huu nimempa mwenzangu wa kazini ambaye miguu inamvimba, na nimemwambia nesi kwa simu kwamba tutaonana mwakani. Hakupenda. Nikamwambia dada yangu ni fundi, nguo zake hazisemi uongo.

Kazini nimewafundisha wenzangu wote habari ya nguo ya Jumamosi. Sasa wanne wanataka uwashonee. Jiandae.

Mdogo wako


9 Juni

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza. Kama umesimama karibu na tanuri, ondoka.

Geuza gauni ndani nje. Angalia ubavuni, chini kidogo ya kwapa mpaka kiunoni. Utaona mshono wangu, na kando yake upande wa ndani, vidole viwili, utaona mstari wa matundu madogo yasiyo na uzi. Huo ndio mshono wa Februari. Mimi ndiye niliyeuhamisha.

Ulipoleta zipu nililipanua gauni. Sikukwambia. Nilikwambia kingine sijagusa, na huo ulikuwa uongo, niliuandika kwa mkono huu huu. Niliona ulivyokuwa unateseka, nikafanya ninavyowafanyia wateja: napanua, nasifia, nanyamaza. Nilisahau kwamba mteja anataka nguo tu, na wewe ulikuwa unataka kujua uko wapi. Nilikuharibia mizani yako kwa kukuonea huruma. Kila Jumamosi ulikuwa unaliuliza gauni, na mimi ndiye niliyekuwa najibu.

Nilidhani utatulia kisha utaenda kliniki. Badala yake umetulia na kliniki umeiacha. Uliposema nguo zangu hazisemi uongo, nilishindwa kula. Mume wangu akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia bado hajafa mtu, na ndiyo maana naandika.

Mdogo wangu, sijui una kilo ngapi wala sukari yako iko wapi. Wewe nawe hujui. Hilo ndilo linaloniogopesha, uzito wenyewe sio. Nitukane utakavyo, lakini nitukane ukiwa njiani kwenda kliniki. Nilimwogesha mama, na siwezi kumwogesha mtu mwingine kwenye kile kiti.

Dada yako


14 Juni

Shemeji,

Barua imefika. Ameisoma amesimama mlangoni, hakuvua hata viatu. Akaenda chumbani, nikasikia kabati linafunguka. Nilipochungulia alikuwa amekaa kitandani, gauni limegeuzwa mapajani, anapitisha kidole kwenye ule mstari wa matundu kama anayesoma.

Akaniuliza, "Ulijua?" Nikasema nilijua. Akasema, "Na mimi nilikuwa najizungusha hapo sebuleni kama pia ya watoto." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Asubuhi hii ametoka mapema, gauni amelitia kwenye mfuko wa plastiki. Nikauliza anaenda kazini? Akafunga mlango nyuma yake. Roho yangu iko mkononi. Nikijua lolote nitakuandikia, nikiwa bado nina mke.

Shemeji yako


21 Juni

Dada,

Nimekaa wiki nzima bila kukuandikia kwa sababu kila nikianza yalikuwa yanakuja matusi, na mama alitukataza kutukana kwa maandishi kwa kuwa yanabaki. Kwa hiyo nakwambia kwa ufupi: nilikukasirikia sana. Nilijiona kama wale wateja wa mume wangu wanaoshuka kwenye mizani mbovu wanachekelea. Wewe na yeye mlikuwa mnanitazama nikichekelea. Na wala usijitetee, maana najua ungesema nini.

Siku ile nilienda kliniki. Sikuwa na nafasi, nilikaa kwenye benchi kuanzia wanapofungua mpaka nesi akatoka kunywa chai, nikamfuata. Nikamwekea gauni mezani juu ya chai yake. Nikamwambia, "Hii ndiyo mizani yangu, na dada yangu ameiharibu." Akaligeuza, akaona matundu, akapima kwa vidole vyake. Unajua alifanya nini? Alicheka, dada. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema kwa miaka yote aliyofanya kazi ameona watu wanaodanganya mizani kwa kila njia, lakini hajawahi kuona mtu anayedanganyiwa kwa cherehani.

Kisha akanipandisha. Nilivua viatu, nikavua saa, nikavua hereni, nikataka kuvua na pete, akaniambia basi, ndoa haina uzito. Nikafumba macho. Zimerudi kilo tano.

Tano kati ya zile ishirini na mbili nilizopunguza. Mimi nilijiandaa kusikia zimerudi zote. Usiku wote wa jana yake nilikuwa nimeziona zimekaa kitandani zinanisubiri. Halafu akanitoboa kidole, tukasubiri kile kimashine chake. Nilikuwa nautazama mguu wangu wa kulia, sijui kwa nini wa kulia. Akanigeuzia namba niione mwenyewe. Sukari iko palepale ilipokuwa Februari. Haijasogea. Nikamwambia arudie, akarudia kidole kingine, ikawa ileile.

Nikalia, dada. Nililia kwa sauti mpaka mzee mmoja aliyekuwa mlangoni akaingia kuniambia pole, akidhani nimepewa habari mbaya. Nikamwambia, "Baba, ni nzuri, ni nzuri." Akasema, "Basi lia mwanangu," akarudi kwenye benchi lake.

Nesi akaniuliza nilikuwa nakulaje. Nikamweleza yote, hata ya kugeukia ukuta. Nilidhani nitakufa kwa aibu, na yeye alikuwa anaitikia tu kama anayesikia habari za mvua. Akasema hizo kilo tano zilirudi Machi na Aprili, wakati najinyima mezani na kujilipa kwenye trei. Tangu gauni lipanuliwe sijaongeza chochote, maana kwa wiki hizi zote zipu imepanda vilevile, haikulegea wala haikukaza. Kumbe nilipoacha kuogopa nilianza kula kama mtu. Akasema ule uzito wa Februari niliufikia kwa mayai na matango, na hakuna binadamu anayeweza kuishi kwa mayai na matango. Nilifika pale, ila si lazima pawe pa kuishi. Hapa nilipo sasa pananitosha, mradi nipajue na nisipavuke bila kumwona yeye.

Usivimbe kichwa. Nilimwuliza kama hiyo maana yake ulifanya vizuri, akasema hapana, ulibahatisha. Kama trei ingenishinda, gauni lako lingeninyamazia mpaka mwisho. Nimekubaliana naye. Wewe ungeniambia tu. Ningelia, ningekufokea, na ningekusikia.

Mume wangu nimemsamehe Jumatano, baada ya kukaa siku nne anapika mwenyewe. Mizani yake nimemlazimisha kuitengeneza. Wateja wamenuna.

Sasa kazi yako. Nakurudishia gauni. Usilipunguze lirudi la Februari, na usilipanue hata uzi. Mshono uache hapo hapo ulipouhamishia. Kile kidole kimoja cha kitambaa kilichobaki ndani usikikate, ulisema kweli, napenda kujua kipo. Nitazeeka, nitaugua, sijui. Ila huo mshono wa ubavuni ushone upya kwa uzi mwekundu. Mwekundu kabisa, kwenye gauni la kijivu, ili nikiligeuza niuone, na siku mtu akiuhamisha, awe wewe au mimi mwenyewe nikishikwa na kichaa, tuuone wote.

Mdogo wako


28 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako niliifungua mbele ya wateja, nikafika pale kwenye kile kimashine, nikaweka mkasi chini. Nikasoma hiyo namba haijasogea. Nikapiga kelele moja, na mimi sisikii vizuri kwa hiyo sijui ilikuwa kubwa kiasi gani, lakini fundi viatu alikuja mbio na kiatu mkononi. Nikamkumbatia na kiatu chake. Nimeshusha pumzi, mdogo wangu. Tangu niandike ile ya tarehe tisa nilikuwa nashona bila kuona ninachoshona, suruali tatu zimerudishwa.

Umenisamehe au bado, hukusema. Nisamehe ukiwa tayari.

Uzi mwekundu huo, nimepiga mara mbili. Binti yangu ameniambia unaonekana vibaya, kama jeraha lililoshonwa. Nikamwambia upo ndani, na aliyeuomba anautaka uonekane. Na juzi mteja mmoja ameniletea sketi akisema imesinyaa kwa kufuliwa. Nikamtazama, nikamwambia, "Mama, haijasinyaa. Nikupanulie?" Akacheka, akasema panua. Hajaondoka na kinyongo.

Hayo magauni manne ya wenzako nitayashona. Yote na mstari mwekundu, waambie.

Dada yako fundi


6 Julai

Dada,

Leo ni Jumamosi. Nimelivaa asubuhi mlango ukiwa wazi. Pacha walikuwa wanagombania kiatu, baba yao anatafuta funguo zake ambazo alikuwa amezishika. Zipu imepanda kwa mkono mmoja. Nimelivua nikaligeuza, nikautazama mstari wako mwekundu, upo palepale ulipouweka. Nikaenda mezani nikanywa chai na kipande cha mkate, nikaenda kazini.

Hiyo ndiyo habari yote. Nimeona nikuandikie kwa sababu hakuna kilichotokea.

Nilikusamehe tangu siku ile ya benchi, kabla hata nesi hajatoka, ila sikutaka ujue upesi. Njoo mwezi ujao, pacha wanakutaka, na mizani ya kinyozi sasa inasema kweli, uipande uone.

Ni mimi,
Kibonge wako